Flati kwa laki nne na nusu, Tukuyu: inchi 32 yenye jina au 43 isiyo na jina?

Mwl_Tukuyu

Wakuu, salaam.

TV yetu ya chogo imefika mwisho. Fundi kasema flaibaki imekufa, na hata akipata nyingine ya kubahatisha haitadumu. Mama watoto kashatangaza kwamba ile kazi ya kuipiga ubavuni ili picha irudi yeye hafanyi tena.

Bajeti ni laki nne na nusu, na humo humo nitoe nauli ya mzigo kutoka Mbeya mjini mpaka huku. Mkopo sitaki, wala ile ya kulipa kidogo kidogo, makato ya mshahara niliyonayo yananitosha.

Sebule ni ndogo. Kutoka kochi hadi ukuta wa TV ni kama mita mbili, haifiki mbili na nusu. King'amuzi ninacho, Azam ya dishi. Tunaangalia taarifa ya habari, mpira, katuni za watoto na tamthilia. Kwenye tamthilia sina kauli.

Jumamosi nilizunguka Mwanjelwa na Kabwe, nimebaki na mbili kichwani. Ya kwanza ni inchi 32, kampuni inayojulikana, HD, siyo smart, 395,000 baada ya kuombana sana. Ya pili ni inchi 43, jina lake sijawahi kulisikia popote, boksi limeandikwa 4K na Smart, 440,000. Jamaa aliiwasha ikaonyesha samaki wa baharini, rangi mpaka macho yanauma. Moyo uko kwa ile kubwa, lakini kuna kitu kinanikataza.

Wenye uzoefu tafadhali.

---

Kijiweni_Mafiati

43. Maisha yenyewe mafupi haya, unataka kutazama mpira kwenye kidirisha?

---

Fundi_Soweto

Mwalimu, ndaga. Natengeneza hizi TV kila siku, kwa hiyo nitakuwa mrefu kidogo.

Kwanza wale samaki wasahau. Kila duka lina flashi yenye video ya namna hiyo, imepigwa kwa kamera ya hali ya juu na kukolezwa rangi. Hata kioo kibovu kinapendeza kikipewa samaki. Ukirudi pale mwambie achomoe flashi aweke king'amuzi, kisha tazama chaneli ya kawaida, hasa watu wanaotembea na yale maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari. Ukiona maandishi yanaacha mkia nyuma yake, au uso wa mtangazaji umekuwa mwekundu kama nyanya, hapo ndipo umeiona TV yenyewe. Akikwambia king'amuzi hana, beba cha kwako. Hakuna aibu, hela ni yako.

Pili, hilo neno 4K kwenye boksi. Kioo cha 4K kweli kina pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 3840 kwa 2160. Full HD ni 1920 kwa 1080. HD ya kawaida, ambayo ndiyo imejaa kwenye inchi 32, ni 1366 kwa 768. Ujanja wa hizi zisizo na jina ni kwamba bodi ya ndani ina uwezo wa kusoma faili la 4K, basi boksi linaandikwa 4K. Kioo chenyewe kinabaki Full HD, na kuna nilizofungua nikakuta ni 1366 tu. Faili kubwa linaingia, linasagwa, linatoka dogo. Muuzaji naye mara nyingi hajui, anasoma boksi kama wewe. Kwa hiyo usimuulize kama ni 4K, muulize kioo chenyewe kina pikseli ngapi, na akuonyeshe palipoandikwa.

Na hata kama ni 4K ya kweli, wewe utailisha nini? Chaneli nyingi za ving'amuzi vyetu zinarushwa kwa ubora wa chini hata ya Full HD. Picha ndogo ukiivuta kwenye kioo kikubwa, unavuta na ukungu wake.

Tatu, spea. Flati ikija kwangu ina sauti lakini haina picha, mara nyingi ni taa za nyuma ya kioo. Ni vijitaa vya LED vilivyopangwa kwenye mistari na kuunganishwa kwa kufuatana, hivyo kimoja kikikata mstari mzima unazima. Ukimulika kioo kwa tochi ya simu kwenye giza unaiona picha kwa mbali, imefifia. Huo ni ugonjwa wa kutibika. Kwa TV yenye jina mistari ya taa ninaagiza Kariakoo, basi linaleta. Kwa hizi nyingine naanza kutafuta inayofanana urefu, nakata, naunga, na wewe unasubiri.

Kioo kikipasuka usinitafute, iwe kampuni gani. Bei ya kioo inakaribia bei ya TV.

---

Kijiweni_Mafiati

Fundi unamtisha mwalimu wa watu. Mimi 43 isiyo na jina ninayo, mwaka wa tatu huu, inapiga kazi. Nyie mafundi mnataka watu wote wanunue mnazozijua spea zake.

---

Fundi_Soweto

Sijasema zote ni mbovu mkuu, zipo zinazodumu. Nasema huwezi kujua umepata ipi mpaka ufike nayo nyumbani. Mwenye hela ya kununua nyingine acheze hiyo kamari. Mwalimu kasema bajeti yake.

---

Hesabu_Uyole

Kuna jambo la ukubwa linalopimika kabisa, tusibishane kwa hisia.

Inchi za TV zinapimwa kona kwa kona. Inchi 32 ni sentimita 81, upana wake kama 71. Inchi 43 ni sentimita 109, upana kama 95. Sasa gawanya upana kwa pikseli. 32 ya 1366 inakupa pikseli yenye upana wa kama nusu milimita. 43 ya 1920 nayo inatoka nusu milimita, karibu sawasawa. Lakini 43 yenye kioo cha 1366 inatoka milimita 0.7.

Jicho zima linaacha kutofautisha vitu vya nusu milimita ukikaa kama mita 1.8. Kwa 0.7 inabidi urudi nyuma hadi karibu 2.4. Mwalimu anakaa mita mbili. Maana yake 32 ya HD kwake ni safi, 43 ya Full HD ni safi pia, ila 43 ya uongo ataona vidoti na kingo za herufi zenye meno, kila siku, mpaka azoee au auze.

Halafu tembea na tepu, tepu haisomi boksi. Zipo zinazoitwa 32 ambazo kona kwa kona hazifiki hata 78. Ukipata 80 usigombane, ndivyo zilivyo nyingi.

---

Dada_Kihesa

Kamwene wote, nachungulia kutoka Iringa.

Mwalimu ana watoto na hakuna aliyegusa hilo. Hivi vioo ni laini mno, kwangu rimoti ilirushwa katikati ya ugomvi wa katuni, kukatokea mistari ya rangi kama upinde, ndiyo ikawa kwaheri. Iliyofuata nikanunua ile ya vioo viwili. Kioo cha mbele ni kigumu, mtoto akigonga kwa mwanasesere hakuna linalotokea. Ubaya wake ni mzito, na mchana dirisha likiwa mkabala unajiona wewe badala ya mtangazaji. Ila nafuta kwa kitambaa naendelea na maisha.

Na jamani, zile za kuweka mezani zina vimiguu viwili vyembamba. Mtoto akivuta waya imemdondokea. Kama siyo ya ukutani, basi meza pana na ifungwe kwa nyuma.

---

Mpakani_TDM

Njoo Tunduma mwalimu, upande wa pili Nakonde, Zambia, kuna TV bei poa. Unavuka tu.

---

Hesabu_Uyole

Umeme wao na wetu ni ule ule wa 230, na matangazo yao ya antena ni ya mfumo wa DVB-T2 kama yetu, kwa hiyo itawaka bila shida. Shida inaanzia kwenye ushuru. Ukiilipia kihalali faida yote imekwisha, ukiipitisha kwa ujanja huna risiti na waranti haipo. Ikigoma utavuka tena kwenda kumtafuta nani?

---

Mtumba_Sokomatola

Kwa laki nne na nusu mimi ningeenda kwenye used ya nje. Unapata inchi 40 Full HD ya kampuni kubwa, kioo cha maana kuliko hizo mpya zote mnazotaja. Za zamani zilitengenezwa vizito.

---

Fundi_Soweto

Hapa nakuunga mkono nusu. Kioo cha kampuni kubwa kilichotumika kinaweza kushinda kipya cha hovyo, hilo nimeliona. Lakini taa za nyuma zimeshaungua saa nyingi kabla hazijafika kwako. Anayetaka used awashe picha nyeupe tupu skrini nzima, aangalie kama kuna madoa ya giza au pembe zenye njano, kisha aiache inawaka wakati mnaongea bei, isipungue nusu saa. Kuna ugonjwa unaojificha mpaka TV ipate moto.

Na asome karatasi ya nyuma. Ikiwa imeandikwa 120V 60Hz pekee, hiyo ni ya soko la Marekani. Ukiichomeka kwenye soketi yetu moja kwa moja utasikia mlio na harufu, na hata ukiitafutia transifoma, antena yake haisomi mfumo wetu. Inayokufaa imeandikwa 100-240V au 220-240V.

---

Mwl_Tukuyu

Asanteni sana, nimejifunza mengi kwa muda mfupi. Mzee wa hesabu, hiyo ya milimita nimeichora ubaoni darasani leo, watoto wakaipenda kuliko somo la siku.

Maswali mawili. Mama watoto anasema bora smart ili watoto watazame YouTube. Na huku kwetu mvua na radi mnazijua, umeme ukikatika unarudi kwa hasira. Nifanyeje?

---

Kijiweni_Mafiati

Smart bila bando ni TV ya kawaida yenye majivuno 😂

---

Hesabu_Uyole

Kijiweni leo kasema kweli. YouTube kwa picha nzuri inakula zaidi ya GB moja kwa saa. Watoto wawili likizo nzima, piga mwenyewe. Kama nyumbani hakuna intaneti ya kulipia kwa mwezi, hela ya smart iweke kwenye kioo. Na smart za bei ya chini nyingi zina RAM ya GB 1 na nafasi ya GB 8, mwaka wa kwanza zinakimbia, baadaye programu zinakua na TV inabaki vile vile. Ukizihitaji mbeleni utanunua kile kidude cha kuchomeka kwenye HDMI, kikichoka unatupa kidude, TV inabaki.

---

Fundi_Soweto

Kuhusu umeme ndiyo niongee kwa herufi kubwa kama ningekuwa na tabia hiyo. TV nyingi ninazopokea masika kutoka Rungwe na Busokelo kioo ni kizima, kilichokufa ni pawa saplai au mainbodi.

Umeme mdogo hauziui sana flati za sasa, maana nyingi zinaanzia 100V. Kinachoua ni umeme kuzidi. Nyutro ikilegea kwenye nguzo, nyumba zinaweza kupata hadi kukaribia 400V badala ya 230, na hapo kila kilichochomekwa kinaondoka pamoja. Nunua frijigadi au ile ndogo yake ya TV, inayokata umeme ukizidi au ukipungua, na ukirudi inangoja kidogo kabla ya kuachia. Ile ekstensheni yenye taa nyekundu ambayo watu wanaiita ya kulinda haifanyi kazi hiyo, ile ni ya kugawa umeme tu.

Radi ni habari nyingine. Hakuna kidude cha elfu thelathini kinachozuia radi. Wingu likianza kunguruma chomoa kwenye soketi, na chomoa pia waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Watu wanachomoa umeme wanaacha dishi, radi inashuka na waya wa dishi, inapita king'amuzi, inaingia kwenye TV kwa HDMI. Nimepokea za namna hiyo, tundu la HDMI limeungua jeusi na upande wa umeme ni mzima kabisa.

Na mvua kubwa ikikata picha usilaumu TV. Ni dishi, mawingu mazito yanameza mawimbi. Ikipita inarudi.

---

Dada_Kihesa

Mwongezee na ya basi, fundi. Ndugu yangu aliagiza kutoka Dar akidhani kaokoa elfu sitini. TV ikalazwa chini ya buti, juu yake wakapanga magunia, kupanda Kitonga na kushuka mashimo. Ilifika boksi zima, kioo vipande. Kampuni ya basi ikasema haikujua kilichomo ndani.

---

Fundi_Soweto

TV husimama wima kama ilivyo ukutani, safari yote. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ningepanda nayo Coaster, niikalishe kiti cha pembeni na kulipa nauli yake kama abiria.

Kingine, kwa sisi wa baridi. TV ikisafiri usiku kupitia Makambako mwezi wa sita au wa saba, inafika imepoa kama chuma. Ukiiingiza sebuleni kwenye joto la jiko na watu, unyevu unaganda ndani kwenye bodi kama vile kwenye miwani. Iache kwenye boksi saa mbili tatu ndipo uwashe. Najua watoto watalia, waache walie.

---

Mtumba_Sokomatola

Mwalimu, used ya inchi 40 bado ipo lakini, njoo uione.

---

Mwl_Tukuyu

Wakuu, mrejesho.

Nilirudi Mwanjelwa na king'amuzi kwenye begi. Kwenye ile 43 nikaomba wachomoe flashi, kijana akasita, mwisho akakubali. Maandishi ya chini ya taarifa yalikuwa yanaacha mkia kweli, na sura zote nyekundu. Nikauliza pikseli za kioo, akageuza boksi pande zote, akaniambia "mzee hii ni 4K". Nikamshukuru.

Ile 32 nikaipima, sentimita 80. Nimeichukua kwa 390,000, risiti ya EFD ninayo, na kadi ya waranti wameandika namba ile ile iliyo nyuma ya TV. Hiyo ya namba nilidai mwenyewe, wao walitaka kugonga muhuri tu. Frijigadi nimeipata 28,000. Kiti cha Coaster nimelipia cha TV, kondakta kacheka mpaka Uyole.

Iko mezani, nyuma nimeifunga. Picha ni nzuri ila naiona kama inawaka sana usiku. Na nikiangalia mpira nyasi ni kama za plastiki.

---

Fundi_Soweto

Hongera. Imetoka kiwandani ikiwa kwenye hali ya dukani, ile ya kushindana na taa za dukani. Ingia kwenye menyu ya picha, toa Dynamic au Vivid weka Standard au Movie. Kisha tafuta palipoandikwa Backlight, shusha hadi nusu. Usichanganye na Brightness, ile kwenye TV nyingi inagusa weusi wa picha, taa zinabaki vile vile. Ukishusha taa macho yanapumzika, vijitaa vinaishi zaidi, na LUKU nayo inapumua. Sharpness nayo irudishe chini, ndiyo inayokupa nyasi za plastiki.

Umeunganisha king'amuzi kwa waya gani?

---

Mwl_Tukuyu

Zile tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Ndizo zilizokuwa kwenye chogo.

---

Fundi_Soweto

Aaah mwalimu! Zitoe sasa hivi. Hizo zinapitisha picha ya zamani, hata chaneli za HD zinafika zimechujwa. Tafuta waya wa HDMI, elfu tano au saba, king'amuzi chako kina tundu lake. Kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uweke 1080i au 720p.

---

Mwl_Tukuyu

Nimepata wa jirani nijaribie. Jamani. Mama watoto anauliza kwa nini mtangazaji ana mikunjo usoni, jana hakuwa nayo.

---

Kijiweni_Mafiati

Haya, 32 imeshinda. Ila mkiwa na sebule ya mita tatu na wageni wa harusi mje kwangu.

---

Hesabu_Uyole

Kwa mita tatu hata mimi ningesema 43, Full HD ya kweli, hata kama ni kusubiri mavuno ya viazi ndipo ununue.

---

Baridi_Makete

Wakuu samahani kwa kudandia uzi. Huku nilipo nguzo bado hazijafika, natumia sola, betri moja ya 12V 100Ah. Nimeona flati ya inchi 24 na ya 32 zinazotumia 12V moja kwa moja. Ipi? Na je, nitumie inveta?

---

Fundi_Soweto

Inveta acha, inakula umeme wake yenyewe hata kabla TV haijawaka. Chukua yenye tundu la 12V. Angalia wati zilizoandikwa nyuma. Tuseme 32 ni wati 36, hiyo ni ampea 3. Saa tano kila jioni ni 15Ah, na betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una kama 50Ah za kucheza nazo. Inatosha, hata siku mbili za ukungu wa Makete unazivuka kama taa na simu hazili sana. King'amuzi nacho kina wati zake, kihesabu.

Kutoka betri mpaka TV ni mita ngapi?

---

Baridi_Makete

Kama kumi. Nina waya ule mwembamba wa spika.

---

Hesabu_Uyole

Huo utakusumbua. Waya wa milimita za mraba 0.5 kwa mita kumi, kwenda na kurudi ishirini, ampea 3 zinapoteza kama volti 2 njiani. Betri ina 12, TV inapata 10, itakuwa inajizima na kujiwasha usiku kucha na utadhani ni mbovu. Weka waya wa 2.5, unapoteza chini ya nusu volti.

---

Fundi_Soweto

Na fyuzi ya ampea 5 karibu na betri, upande wa chanya. Angalia chanya na hasi mara mbili kabla hujachomeka, nyingi ya hizo TV hazina kinga ya kugeuza.

---

Baridi_Makete

Nimeelewa. Alhamisi ni gulio, waya wa 2.5 nitautafuta. Wakiwa na 4 je?

---

Fundi_Soweto

Chukua, ni bora zaidi. Ila hautaingia kwenye plagi ya TV, ncha ya mwisho unga kipande kifupi chembamba.